Kamera ya usoni inapovuka mpaka wa Gatuna

Swali: “Mimi ni dereva wa trela, naishi Embakasi. Napakia Mombasa, napita Nairobi, Malaba na Kampala hadi Kigali. Miezi mitatu iliyopita kampuni ilitufungia kamera mbili, moja inatazama barabara, nyingine inanitazama usoni. Kenya na Uganda inalia mara mojamoja. Nikishavuka Gatuna haikomi, na nikirudi nakuta ripoti ya ‘kutokuwa makini’ na marupurupu yamekatwa. Kifaa hiki kinafuata sheria ya nchi gani? Wana haki ya kunirekodi uso? Na nikipata kazi niliyoomba Poland, nitakuta mambo haya haya huko?”

Jibu:

Ndugu dereva, nianze na lile linalokuumiza mfukoni. Kamera yako haifuati sheria ya nchi yoyote. Haijui kwamba kuna Kenya, wala haijui kwamba kuna Rwanda. Inajua viwango tu: jicho likifumba kwa muda kadhaa, lia, uso ukigeuka kupita nyuzi kadhaa kwa sekunde kadhaa, andika, mwendo ukizidi nambari fulani, tuma taarifa ofisini. Viwango hivyo viliwekwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo hajawahi kuiona barabara ya Kabale. Kwa hiyo ukiambiwa “mashine imesema,” uliza mashine iliambiwa nini, na aliyeiambia ni nani.

Nimefunga na kurekebisha vifaa hivi kwa miaka mingi katika karakana za Industrial Area, na kisa chako cha Gatuna nakielewa. Lori lako lina usukani kulia. Kenya, Uganda na Tanzania tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo wewe umekaa karibu na katikati ya barabara, unawaona wanaokuja, na kioo unachokitegemea unapotaka kupita gari kiko papo hapo kuliani kwako. Ukitoka Katuna upande wa Uganda na kuingia Gatuna upande wa Rwanda, magari yanahamia kulia. Sasa umekaa upande wa mtaro, na kila cha kukutia wasiwasi kiko kushoto, ng'ambo ya kabini nzima. Kioo cha kushoto hukioni kwa kutupa jicho, lazima ugeuze shingo. Ukitaka kujua kama njia iko wazi mbele ya lori linalokutangulia, lazima uinamie upande wa tanboi, utingo wako. Fanya hivyo katika vilima vya Rwanda, kona baada ya kona, na kamera itahesabu: ametazama pembeni, ametazama pembeni tena. Wewe unafanya kazi ya dereva makini, na yenyewe inaandika uzembe.

Siku inapofungwa, kamera hufundishwa “mbele” ni wapi. Programu huchukua muda wa mwanzo wa safari, ikaangalia uso wako umeelekea wapi kwa sehemu kubwa, na mahali hapo ndipo inapopaita mbele. Kisha huchorewa maeneo mengine yanayoruhusiwa: kioo cha kulia, kioo cha kushoto, saa ya mwendo. Nimewahi kufungua mipangilio ya malori kadhaa ya hapa Nairobi nikakuta yameandikwa kuwa usukani uko kushoto, kwa sababu kifaa kilikuja kikiwa kimepangiwa soko la kule kilikotengenezwa na fundi hakubadilisha kitu. Kwa gari la namna hiyo kila ripoti ya “kutazama pembeni” ni ya kutiliwa shaka, hata ya Mombasa Road.

Basi waombe mambo mawili. Kwanza, fundi athibitishe kwamba usukani umeandikwa kulia na kwamba kamera imelinganishwa na uso wako, maana ikiwa mlifungiwa kamera na dereva mwingine akiwa kwenye kiti, “mbele” ya mtu mfupi si “mbele” yako. Pili, mifumo mingi ya kisasa inaruhusu kuchora mpaka kwenye ramani na kuweka viwango tofauti ndani yake. Rwanda ichorewe mpaka wake, na ndani yake eneo la kioo cha kushoto lipanuliwe na muda uongezwe kidogo. Ni kazi fupi kwa anayeijua.

Mwendo nao una utata wake. Kwetu lori kubwa na gari la abiria mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa, na mijini 50. Tangu kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutumika Februari 2004, matatu zimekuwa zikifungwa gavana, yaani kidhibiti mwendo, ya 80. Rwanda imeyafungia mabasi ya abiria gavana ya 60, na barabarani kuna kamera za mwendo ambazo wenyeji wamezibandika jina la Sofia. Kifaa chako hupima mwendo kwa setilaiti, kisha hulinganisha na kikomo kilichoandikwa kwenye ramani yake. Ramani hiyo huenda haina kikomo kabisa kwa kijiji unachokipita, au imebaki na cha zamani. Na vibao vyetu vinang'olewa na wezi wa vyuma chakavu, kwa hiyo hata jicho lako halina cha kusoma. Inayokufunga ni sheria ya pale magurudumu yalipo. Ukiwa Kenya umezidisha kilomita 6 hadi 10, faini ya papo hapo ni shilingi 500; ukizidisha 16 hadi 20 ni shilingi 10,000. Askari hatakusikiliza ukimwambia kamera yako ilinyamaza.

Kuhusu “kufunga breki ghafla,” nitasema kidogo tu. Ndani ya kifaa mna kipimo cha mtikisiko, na kikiwekwa chini sana, kila tuta na kila shimo linageuka kosa. Ripoti ikikuonyesha makosa mengi yaliyorundikana mahali pamoja kila safari, fungua ramani. Utakuta ni tuta.

Kuna pia hili la mjini. Pale Haile Selassie inapokutana na Uhuru Highway, askari wa trafiki akisimama katikati anakuita upite ilhali taa ni nyekundu. Kwa sheria unamtii askari, taa inasubiri. Kamera inayosoma taa itakuandikia kosa kubwa, na anayetazama ripoti bila kufungua video ataamini. Dereva wa Marekani, katika majimbo mengi, anaruhusiwa kusimama kwenye taa nyekundu kisha akate kulia kama njia iko wazi. Sisi hatuna ruhusa kama hiyo. Programu iliyofundishwa kwa mazoea ya huko haiwezi kuyahukumu ya huku mpaka ifundishwe upya.

Hadi hapa nimekutetea. Sasa sikiliza upande wa pili, ambao madereva wengi hawaupendi. Kelele ya kamera si ushahidi kwamba umekosa, lakini na ukimya wake si ushahidi kwamba uko salama. Chukua saa za usukani. Sheria ya Trafiki ya Kenya, kifungu cha 66A, inamkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya jumla ya saa 8 katika kila saa 24. Umoja wa Ulaya unaruhusu 9 kwa siku, na 10 mara mbili kwa wiki, mradi upumzike dakika 45 baada ya kila saa 4 na nusu. Marekani inaruhusu dereva wa mizigo saa 11, zote ndani ya saa 14 tangu alipoanza kazi. Kanada inafika 13. Kama hesabu ya saa kwenye kifaa chako ilipangwa kwa mtindo wa Marekani, itakuacha uendeshe saa ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja bila neno, na muda huo wote unavunja sheria ya nchi yako.

Sasa piga hesabu ya njia yako. Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480. Ukienda 80 bila kusimama hata kunywa chai, hizo ni saa 6, na hakuna trela lenye mzigo linaloweza kwenda hivyo. Saa zako 8 zinaishia Nairobi au karibu nayo. Mpangaji wa safari anayetaka dereva mmoja atoke bandarini na kesho yake asubuhi awe Malaba anakuomba uvunje kifungu cha 66A, na rekodi ile ile inayotumiwa kukukata marupurupu inaonyesha waziwazi nani alipanga safari hiyo. Madereva wengi hawalijui hili. Kumbukumbu za kifaa zinakulinda pia, ukizidai.

Na usingizi ni jambo la kweli, ndugu yangu. Kamera inakuona gizani kwa sababu inamulika uso wako kwa mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni, na inapima ni sehemu gani ya dakika macho yako yamefunikwa na kope. Kupepesa kwa kawaida hakufiki nusu sekunde. Macho yakifumba kwa sekunde mbili ukiwa kwenye 80, umesafiri mita 44 huku hayupo anayeendesha. Niliwahi kukaa na dereva mzima wa miaka mingi tukitazama video yake mwenyewe, alfajiri, kabla ya Mtito Andei. Alikuwa amekuja kulalamika kwamba kifaa kinamsingizia. Kwenye video macho yamefumba, kichwa kimeanguka, kengele inalia, anashtuka, anashika usukani kwa mikono miwili. Hakuwa akikumbuka chochote. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaomba niirudishe aione tena.

Uchunguzi wa Dawson na Reid uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo anafanya kazi vibaya sawa na mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Wewe hujagusa chupa, lakini mwili hautofautishi. Mwili una vipindi viwili vya kulegea, kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri, na tena baada ya chakula cha mchana. Miraa inaweza kukuacha macho wazi huku akili imechoka. Tena, kutafuna kwenyewe kunaweza kusomwa na kamera kama kupiga miayo, kwa hiyo unapata ripoti ya uchovu usiokuwapo kisha unakosa ya uchovu uliopo. Miwani yenye kioo kinachong'aa kama kioo cha kujitazama, na kofia iliyoshushwa, nazo zinaizuia isione macho. Na usiibandike karatasi ya gundi. Ukipata ajali na kamera imezibwa, utakuwa umewaandikia mashtaka yako kwa mkono wako.

Mimi nina msimamo wangu juu ya vifaa hivi. Kengele inayokuamsha ni jambo jema, na ningependa kila lori la njia hii liwe nayo. Ripoti inayokwenda ofisini na kukata pesa ni jambo jingine, na hayo mawili hayalazimiki kukaa pamoja. Ulaya imeyatenganisha. Chini ya Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2144 ya mwaka 2019, magari mapya yote tangu Julai 2024 yanatoka kiwandani na mfumo wa kumwonya dereva anayesinzia. Mfumo wa pili, wa kumwonya anayetazama pembeni, unadaiwa kwa aina mpya za magari tangu mwezi huo huo: ukiwa juu ya kilomita 50, macho yakiacha barabara kwa sekunde 3 na nusu, unalia. Lakini kanuni hiyo hiyo inasema data ya mifumo hii ibaki ndani ya gari, isimfikie mtu mwingine wakati wowote, na ifutwe mara moja ikishatumika. Kampuni ya kule inaweza kufunga kamera yake nyingine, na hapo inakabiliana na sheria za faragha. Ile iliyozaliwa na gari hairuhusiwi kumpelekea mwajiri habari zako.

Kwetu hakuna kanuni kama hiyo ya magari, ila hatuko mikono mitupu. Katiba ya 2010, ibara ya 31, inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuelezwa data yako inatumiwa kwa nini, kuiona, kupinga, na kudai irekebishwe ikiwa si sahihi. Vipimo vya uso vinavyotumika kumtambua mtu vinahesabiwa kuwa data nyeti, na ulinzi wake ni mkali zaidi. Kampuni inaweza kuwa na sababu halali ya kukurekodi ukiwa kazini, kama vile usalama wa barabarani, kwa hiyo sitakwambia kwamba kamera yenyewe ni haramu. Haramu ni kukuficha: nani anaiona video, inakaa siku ngapi, inatumwa nchi gani. Kifungu cha 35 kinagusa kisa chako moja kwa moja: una haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo linalokuathiri kwa uzito. Marupurupu yakikatwa na programu, bila binadamu kutazama video, hapo pana hoja. Uganda nayo ina sheria yake ya data ya 2019, Rwanda ya 2021, Tanzania ya 2022, kwa hiyo haki yako haiishii Malaba.

Wakitaka kukufuta kazi kwa ripoti za kamera, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inawalazimu wakueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na wakusikilize ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama pembeni. Mwambie huyo mwenzako aandike yote yanayosemwa.

Kwa hiyo andika barua, fupi, kwa heshima. Omba video za matukio yote ya Rwanda ya mwezi uliopita, viwango vilivyowekwa kwenye kifaa, na tarehe kilipolinganishwa mara ya mwisho. Wewe mwenyewe weka daftari kabinini: kila inapolia, tanboi aandike saa na mahali, na ulikuwa unafanya nini. Safari mbili za daftari hilo zina nguvu kuliko mwaka wa malalamiko. Wakikataa kabisa, kuna Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hapa Nairobi, inapokea malalamiko ya mtu yeyote.

Jambo moja kabla sijasahau, maana nimeona madereva wakilichanganya. Ile sili ya kielektroniki kwenye mlango wa kontena ni ya mamlaka za ushuru za Kenya, Uganda na Rwanda. Inafuatilia mzigo usitoke kwenye njia iliyoruhusiwa. Haina habari na macho yako, na hasira ya kamera usiimalizie huko.

Sasa Poland. Huko utakuta takografu, sanduku dogo la kabinini linaloandika kila dakika yako: kuendesha, kazi nyingine, kungoja, kupumzika. Unaingiza kadi yenye jina lako, na kadi hiyo haiazimwi mtu. Toleo jipya, linalofungwa kwenye malori mapya tangu Agosti 2023, linajiandikia lenyewe kila unapovuka mpaka, na askari barabarani anaweza kudai rekodi ya siku hiyo na siku 56 zilizotangulia. Wengi wetu hushtuka mwanzoni, lakini nakuhakikishia ndicho kifaa rafiki zaidi kwa dereva kati ya vyote nilivyovigusa, kwa sababu bosi akikusukuma uendelee baada ya saa zako, sanduku linamwandika yeye pia. Kwa wiki hairuhusiwi kuzidi saa 56 za usukani, na wiki mbili mfululizo zisizidi 90.

Utaendesha kulia kama Rwanda, ila huko usukani nao utakuwa kushoto, kwa hiyo shingo yako itapumzika. Kinachowasumbua wageni ni mizunguko ya barabara. Watanzania huiita kipilefti, kutoka Kiingereza “keep left” (kaa kushoto), na jina lenyewe linakwambia uingie wapi. Poland unaingia kwa kulia, na walio ndani wanakujia kutoka kushoto, upande ambao jicho la Nairobi limezoea kuutazama mwisho. Safari zako za Kigali zimeshakufundisha nusu ya hilo.

Utadaiwa cheti cha ujuzi wa udereva wa biashara, kinachoandikwa kwenye leseni kwa namba 95, na mwajiri lazima akuchukulie hati maalumu ya dereva asiye raia wa Umoja wa Ulaya. Mapumziko kamili ya wiki, saa 45, hayaruhusiwi kulalwa ndani ya kabini: mwajiri anakulipia malazi. Ukiletewa mkataba unaosema kabini ndiyo nyumba yako kwa miezi yote, usitie sahihi. Nitumie kwanza niusome.